Mombasa Inapungua au Inaongezeka? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Sensa na Idadi ya Watu

Tangu nilipofanya ukarani wa sensa upande wa Changamwe, moja ya kaunti ndogo sita za Mombasa, mnamo Agosti 2019, maswali haya hayajaniacha. Naulizwa matangani, naulizwa kwenye foleni ya feri, naulizwa barazani baada ya swala ya isha. Wengine huuliza kwa kutaka kujua tu. Wengine huuliza kwa uchungu, hasa watu wa Changamwe waliosikia kwamba Mombasa nzima imeongezeka isipokuwa kwao. Nimeyakusanya hapa na kuyapa namba, ili pale jambo lilipokwisha elezwa nikuelekeze kwenye swali lake badala ya kulirudia.

## Hesabu yenyewe

1. Mombasa ina watu wangapi?

Kwa sensa ya 2019, kaunti ya Mombasa ina watu 1,208,333: wanaume 610,257, wanawake 598,046 na huntha (watu wenye jinsia tata) 30. Hiyo ndiyo sensa ya kwanza nchini iliyowahesabu huntha kwa jina lao. Miaka kumi kabla, yaani 2009, tulikuwa 939,370. Tumeongezeka kwa watu 268,963, sawa na asilimia 28.6.

Hapa kwetu wanaume wamewazidi wanawake, wakati kwa Kenya nzima wanawake ndio wengi. Mji wa bandari huvuta vijana wa kiume wanaokuja kutafuta kibarua huku familia zikibaki nyumbani. Ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za reli na gati, na bado hesabu inaonyesha alama ya jambo hilo.

2. Sensa humhesabu nani? Aliyezaliwa hapa, anayeishi hapa, au aliyekuwepo tu?

Aliyelala hapa. Kenya huhesabu watu mahali walipolala usiku mmoja uliotajwa, na kwa 2019 usiku huo ulikuwa wa tarehe 24 kuamkia 25 Agosti. Kazi iliendelea hadi tarehe 31, lakini hata karani akikufikia siku ya tano swali lake ni lile lile: usiku ule nani alilala ndani ya nyumba hii?

Ukilishika jambo hili moja, nusu ya maswali yaliyo chini yatajijibu. Haijalishi kitambulisho chako kimeandikwa wapi, unapiga kura wapi, unafanya kazi wapi wala kwenu ni wapi. Mtu wa Majengo aliyelala msibani Kaloleni usiku ule alihesabiwa Kilifi. Ila mtu wa Kaloleni aliyekuwa zamu ya usiku bandarini alihesabiwa pamoja na watu wa nyumba anayorudi asubuhi.

3. Sensa zimefanyika mara ngapi, na Mombasa ilikuwa na watu wangapi kila mara?

Sensa ya kwanza ya nchi nzima ilikuwa 1948, ikafuata ya 1962. Baada ya uhuru zimefanyika 1969, 1979, 1989, 1999, 2009 na 2019, kila baada ya miaka kumi bila kuruka hata moja. Mombasa ilikuwa na watu 247,073 mwaka 1969. 341,148 mwaka 1979. 461,753 mwaka 1989. 665,018 mwaka 1999. Mbili za mwisho umeshaziona katika swali la 1.

Maana yake ni kwamba katika miaka 50 mji umekaribia kuwa mara tano ya ulivyokuwa, na visima, mitaro na barabara nyingi za kisiwani bado ni zile zile.

4. Mbona nasikia ukuaji umepungua, na hapo hapo naambiwa watu wameongezeka?

Ni mambo mawili tofauti. Idadi ni watu waliopo. Kasi ya ukuaji ni jinsi idadi hiyo inavyoongezeka mwaka hadi mwaka. Feri iliyopunguza mwendo bado inavuka.

Kati ya 1999 na 2009 Mombasa ilikua kwa takriban asilimia 3.5 kila mwaka. Kati ya 2009 na 2019 kasi ilishuka hadi kama asilimia 2.5. Kwa Kenya nzima ilishuka kutoka 2.9 hadi 2.2. Kwa kasi ya kwanza mji huongezeka maradufu katika miaka 20. Kwa kasi ya pili huchukua karibu 28. Sababu moja ni uzazi: mwanamke wa Kenya alikadiriwa kuzaa watoto 3.9 katika utafiti wa afya wa 2014, na 3.4 katika ule wa 2022. Sababu ya pili ni kwamba wengi wanaokuja Mombasa kutafuta riziki siku hizi hawalali Mombasa. Hilo limeelezwa katika swali la 10.

## Kaunti ndogo, moja moja

5. Ni sehemu gani zimeongezeka na gani zimepungua?

Namba ya kwanza ni ya 2009, ya pili ni ya 2019:

- Jomvu: 102,566 hadi 163,415 (imeongezeka asilimia 59.3)
- Likoni: 166,008 hadi 250,358 (imeongezeka asilimia 50.8)
- Kisauni: 194,065 hadi 291,930 (imeongezeka asilimia 50.4)
- Nyali: 185,990 hadi 216,577 (imeongezeka asilimia 16.4)
- Mvita: 143,128 hadi 154,171 (imeongezeka asilimia 7.7)
- Changamwe: 147,613 hadi 131,882 (imepungua asilimia 10.7)

Ukitaka kuzitumia namba hizi kwenye mjadala wowote, soma kwanza swali la 7.

6. Ni kweli Changamwe imepoteza watu? Mbona matatu zimejaa vile vile?

Hesabu inasema watu 15,731 pungufu. Mimi naamini sehemu kubwa ya upungufu huo ni wa kweli, kwa sababu niliuona kwa macho.

Kabla ya sensa, nchi ilichorwa ramani, na kila karani akapewa eneo lake ndani ya tableti. Katika eneo langu ramani ilionyesha nyumba nne za Kiswahili zilizopangana, zile za korido katikati na vyumba vitatu kila upande. Nilipofika nilikuta ukuta wa mabati, na nyuma yake kontena zimepandana tatu tatu. Nikagonga. Akatoka mlinzi, mzee wa makamo, ameshika kikombe cha chai ya rangi. Nikamuuliza nani alilala pale usiku wa tarehe 24. Akasema ni yeye peke yake. Nikamwandika. Mahali ambapo pangekuwa na vyumba 24 vya wapangaji, niliandika mtu mmoja.

Sababu nazozipa uzito mimi ni tatu. Ya kwanza ni ardhi. Changamwe ni kilomita za mraba 17.7 tu, na ndani yake kuna uwanja wa ndege, kiwanda cha zamani cha kusafisha mafuta, Kipevu na magodauni. Katika miaka hiyo kumi ikapita reli ya SGR kuelekea bandarini, barabara ya Port Reitz ikapanuliwa, na awamu ya kwanza ya barabara ya Dongo Kundu ikafunguliwa 2018. Kila mradi ulichukua kipande.

Ya pili ni yadi za kontena. Mwenye nyumba ya vyumba sita anayehangaika kukusanya kodi kwa watu sita hufuatwa na mtu mwenye hela taslimu anayetaka kiwanja. Hauzi kwa furaha kila mara, lakini huuza.

Ya tatu ni kazi. Treni ya mizigo ya SGR ilipoanza safari zake Januari 2018, kontena nyingi zilianza kupita juu ya reli moja kwa moja hadi Nairobi. Madereva wa malori, matanboi, mafundi wa magari, mama wa vibanda vya chakula kando ya barabara, wote walianza kuhesabu siku. Waliokuwa wapangaji wakafunga virago.

Kuhusu matatu: abiria wa Changamwe si lazima awe mkazi wa Changamwe. Wanaokwenda Mikindani, Miritini na Mazeras hupita hapo hapo. Na hata baada ya kupungua, Changamwe bado ina zaidi ya watu 7,400 kwa kila kilomita ya mraba, wakati wastani wa kaunti nzima ni 5,495. Mtaa uliopungukiwa na watu hauwi mtupu.

7. Lakini huenda ni mipaka tu iliyobadilika?

Swali zuri, na wachache huliuliza. Mwaka 2009 hakukuwa na kaunti ndogo hizi sita. Mombasa ilikuwa na wilaya mbili: Mombasa, yenye watu 523,183, na Kilindini, yenye 416,187. Maeneo bunge yalikuwa manne, na Jomvu ilikuwa ndani ya Changamwe kama vile Nyali ilivyokuwa ndani ya Kisauni. Mgawanyo wa sita ulikuja baadaye, ukatumika katika uchaguzi wa 2013. Namba za 2009 unazoziona katika swali la 5 zilipangwa upya kufuata mipaka mipya. Mpaka ukipita katikati ya mtaa na ukachorwa tofauti kidogo mara ya pili, watu elfu kadhaa wanaweza kuhama kwenye karatasi bila kuhamisha hata godoro.

Njia salama ni kuziunganisha tena. Changamwe na Jomvu pamoja zilikuwa na watu 250,179 mwaka 2009 na 295,297 mwaka 2019, ongezeko la asilimia 18. Hapo hakuna tena kupungua. Kuna ukuaji wa chini kuliko wa kaunti nzima, na kuna dalili kwamba watu wa Chaani na Magongo, upande wa Changamwe, walisogea kuelekea Mikindani na Miritini, upande wa Jomvu. Kisauni na Nyali pamoja zimetoka 380,055 hadi 508,507, ongezeko la asilimia 33.8.

Kwa hiyo mtu akikwambia Changamwe imekufa, mwonyeshe hesabu ya pamoja. Na akikwambia hakuna kilichotokea, ni mipaka tu, mwonyeshe kontena.

8. Kisauni na Likoni zimepata wapi watu wote hao?

Zimepata kwa mbegu na kwa wageni. Zina familia changa, kwa hiyo watoto ni wengi. Na zina ardhi, au angalau zilikuwa nayo.

Kisauni ndiyo kubwa kuliko zote, kilomita za mraba 87.7 kati ya 219.9 za kaunti nzima. Tangu Daraja la Nyali la sasa lilipofunguliwa 1980, kijana wa kisiwani aliyeoa na kukosa chumba kwao huvuka: kwanza Kongowea, kisha Mishomoroni, kisha Mtopanga, sasa Utange na Mwakirunge. Kila kizazi husogea hatua moja mbele ya kodi.

Likoni ni hadithi nyingine kidogo, kwa sababu kivuko kinatesa. Nani angechagua kuishi mahali ambapo kila asubuhi anasimama kwenye jua akisubiri feri na roho mkononi, hasa anayekumbuka mkasa wa feri iliyozama Mtongwe Aprili 1994? Wanachagua kwa sababu kodi ni nafuu na kwa sababu mtu wa kipato cha chini bado anaweza kupata pa kujenga. Suala la shamba la Waitiki, ekari 930 zilizokaliwa na maskwota kwa miaka mingi, liliingia hatua mpya Januari 2016 wakazi walipoanza kupewa hati. Mwenye hati hujenga kwa matofali, na anayejenga huongeza vyumba viwili vya kupangisha.

9. Kisiwani kumebaki watu, au ni maduka tu?

Wamebaki, na wamebanana. Mvita ina zaidi ya watu 10,000 kwa kila kilomita ya mraba, msongamano mkubwa kuliko kaunti ndogo nyingine yoyote ya Mombasa. Lakini uzito wake umeshuka: mwaka 2009 kati ya kila watu 100 wa Mombasa, 15 walikuwa wa Mvita. Mwaka 2019 walikuwa kama 13.

Nyumba za Mji wa Kale ni za urithi. Mwenyewe akifa, warithi wanakuwa wanane, na vyumba ni vinne. Mmoja anabaki na mama, chini panakuwa duka, wengine wanatawanyika Bamburi na Kisauni, na Ijumaa wanarudi kuswali msikiti wa babu yao. Ukiwauliza, wote ni watu wa Mji wa Kale. Sensa inawaandika walipolala.

## Nje ya mipaka ya kaunti

10. Mimi nafanya kazi Mombasa lakini nalala Mtwapa. Nilihesabiwa wapi?

Kilifi. Ukivuka Daraja la Mtwapa umetoka Mombasa, hata kama ndani ya matatu hujahisi kitu. Mtwapa ilihesabiwa kuwa na zaidi ya watu 90,000 mwaka 2019, na kila asubuhi barabara ya Malindi inaonyesha wanakwenda wapi. Hali ni hiyo hiyo kwa Mazeras, Rabai na Ng'ombeni.

Mji wa Mombasa unaotumia maji, hospitali, barabara na masoko ni mkubwa kuliko kaunti ya Mombasa iliyo kwenye karatasi. Hii ndiyo hoja ninayoishikilia kuliko zote katika ukurasa huu. Kasi yetu haikupungua kwa sababu watu wameukimbia mji. Mji umemwagika nje ya mstari.

11. Majirani zetu wamekua vipi?

Kwale imetoka 649,931 hadi 866,820, ongezeko la asilimia 33.4. Kilifi imetoka 1,109,735 hadi 1,453,787, asilimia 31. Zote mbili zimetuzidi kasi, na Lamu, iliyo ndogo kwa idadi, imekwenda mbio zaidi: 101,539 hadi 143,920. Pwani yote, kaunti zake sita, ilikuwa na watu 4,329,474 mwaka 2019.

Ndivyo miji mikubwa inavyokwenda. Tazama Nairobi na jirani yake Kiambu: katika miaka hiyo hiyo kumi Nairobi iliongezeka asilimia 40, Kiambu karibu asilimia 49.

12. Kuna kaunti nzima iliyopungua?

Kwenye takwimu, Mandera: 1,025,756 mwaka 2009 na 867,457 mwaka 2019. Lakini hesabu ya Mandera ya 2009 ilitiliwa shaka tangu mwanzo. Serikali yenyewe ilikataa matokeo ya wilaya nane za Kaskazini Mashariki na Turkana ikisema namba zilipanda kupita kiasi, na jambo hilo likafika mahakamani. Kwa hiyo upungufu ule unaweza kuwa unaonyesha kosa la hesabu ya kwanza kuliko watu kuondoka.

Mfano wa kweli wa mahali palipokaribia kusimama ni Nyamira: 598,252 hadi 605,576, yaani asilimia 1.2 tu kwa miaka kumi. Huko watoto bado wanazaliwa. Wakikua wanaondoka, na baadhi yao ndio majirani zetu hapa Mikindani na Bamburi.

## Pesa na viti

13. Idadi ya watu inaathiri vipi mgao wa kaunti?

Inaathiri, ila uzito wake hubadilika fomula inapobadilika. Katika fomula ya kwanza ya kugawa mapato, idadi ya watu ilibeba asilimia 45. Katika fomula iliyopitishwa na Seneti mwaka 2020, baada ya mabishano makali, ilipewa asilimia 18, na mizani nyingine zikiwemo afya, umaskini, kilimo na barabara zikachukua nafasi.

Kwa Mombasa jambo linaloumiza ni lile la swali la 10. Anayelala Kwale huhesabiwa Kwale, lakini akivunjika mguu Mwembe Tayari, atapelekwa hospitali ya Mombasa. Simlaumu yeye wala Kwale, kwa kuwa yeye ndiye anayeujenga mji huu. Ila mizani inayotazama mahali mtu alipolala peke yake haioni mchana wetu.

14. Mbona Likoni na Kisauni hazigawanywi ziwe na wabunge wawili wawili?

Fanya hesabu nami. Kenya ina maeneo bunge 290, na namba hiyo imeandikwa kwenye Katiba, Kifungu cha 89. Gawanya watu 47,564,296 kwa 290, unapata watu kama 164,000 kwa kila eneo bunge. Katiba inaruhusu eneo la jiji lizidi au lipungue kiwango hicho kwa asilimia 40, yaani juu lisizidi kama 229,600. Kisauni ina 291,930. Likoni ina 250,358. Zote zimepita mstari. Changamwe kwa upande wake, pamoja na kupungua kwake, bado iko salama, kwa kuwa kiwango cha chini ni kama 98,400.

Kwa idadi tupu Mombasa ingestahili maeneo bunge saba badala ya sita. Lakini 290 haiongezeki bila kubadilisha Katiba, kwa hiyo sisi tukipata moja mahali pengine patapoteza. Muda uliowekwa wa kupitia upya mipaka ulipita Machi 2024 bila kazi kufanyika, kwa kuwa tume ya uchaguzi haikuwa na makamishna.

15. Wanasiasa walituambia tusafiri nyumbani tukahesabiwe huko ili kwetu pasipungukiwe. Nilikosea kwenda?

Hukuvunja sheria. Lakini fikiria: mtoto wako anasoma Mikindani, maji unayotumia ni ya Mombasa, zahanati yako iko Mombasa. Usiku mmoja ukaenda ukalala kwa wazazi, ukawaongezea wao kichwa ambacho hakitumii huduma zao, ukaipunguzia Mombasa kichwa ambacho kinatumia za kwake kila siku. Kwa wale waliopanga kurudi Septemba, ningewasihi 2029 wabaki walipo.

## Mambo ya pembeni

16. Hakuna aliyenihesabu. Je, simo?

Huenda umo bila kujua. Mkuu wa kaya au mtu mzima yeyote wa nyumbani angeweza kutoa majina ya wote waliolala. Muulize aliyekuwepo. Kama mlango ulikuwa umefungwa kila karani alipopita, basi huenda kweli ulikosa. Hapa mjini hilo lilikuwa tatizo kubwa: nilikuwa na mlango mmoja Chaani niliourudia mara nne, na mara zote kufuli ilikuwa inaning'inia. Mara ya tano, saa nne usiku, nilimkuta mwenyewe. Alikuwa mpishi wa hoteli, anatoka alfajiri na kurudi watu wamelala.

17. Watoto wangu walikuwa bara kwa bibi yao, likizo ya Agosti.

Walihesabiwa kwa bibi (swali la 2). Agosti 2019 shule zilikuwa zimefungwa, na Mombasa ni mji ambao familia nyingi hupeleka watoto nyumbani wakati wa likizo. Ukitazama idadi ya watoto wa Mombasa kwenye sensa, likumbuke hilo kabla ya kusema darasa fulani halihitajiki.

18. Watalii na mabaharia je?

Walihesabiwa usiku ule ule, wa hotelini hotelini na wa melini bandarini, pamoja na wasafiri kwenye stendi na wanaolala barabarani. Wageni wa siku tatu ni wachache ukilinganisha na milioni na laki mbili, kwa hiyo hawageuzi picha ya kaunti.

19. Fujo za Likoni za 1997 ziliathiri sensa ya 1999?

Agosti 1997 kituo cha polisi Likoni kilivamiwa, na mashambulizi yaliyofuata yakawafukuza maelfu ya watu, wengi wao wenye asili ya bara. Baadhi walirudi, baadhi hawakurudi kabisa. Sensa ilikuja miaka miwili baadaye, na hesabu ya Mombasa kwa jumla bado iliongezeka sana kati ya 1989 na 1999. Hapo ndipo utaona sensa ya kila miaka kumi inavyoweza kufunika jeraha: inahesabu mwanzo na mwisho, na aliyehama katikati kisha nafasi yake ikachukuliwa na mwingine haonekani. Ndivyo itakavyokuwa pia kwa 2020, hoteli zilipofungwa kwa sababu ya corona na wafanyakazi wengi wakarudi makwao. Waliorudi Mombasa kabla ya 2029 watasomeka kana kwamba hawakuondoka.

20. Sensa na Huduma Namba ni kitu kimoja?

Hapana. Zilifuatana mwaka 2019 na watu wakachanganyikiwa. Huduma Namba ilikuwa usajili wa mtu binafsi. Sensa ni hesabu, inaendeshwa na shirika la takwimu la taifa, KNBS, na sheria ya takwimu inakataza maelezo ya mtu mmoja mmoja kutolewa. Mwenye nyumba wako hataambiwa una wapangaji wangapi wa siri.

21. Nyumba yetu ina vyumba sita, kila chumba na watu wake, choo kimoja. Ni kaya moja au sita?

Tazama chungu. Wanaokula kutoka chungu kimoja na kumtambua mkuu mmoja ni kaya moja, hata kama wanalala vyumba viwili. Wanaopika mbalimbali ni kaya mbali, hata kama wanapokezana jiko moja koridoni. Mombasa ilihesabiwa kuwa na kaya 378,422, wastani wa watu kama watatu kwa kaya, wakati Kilifi na Kwale wastani unakaribia watano.

Nilipata nyumba moja Magongo ambapo swali hili lilileta ubishi. Mama alikaa chumba cha mbele, mwanawe na mkewe chumba cha nyuma. Mama akasema ni kaya moja, mwanangu ni wangu. Mke wa mwana akasema taratibu, "Lakini mama, mimi napika kwangu." Wakatazamana. Mwana akakaa kimya. Nikauliza jana usiku nani alikula wapi. Ikatokea kwamba jana usiku wote walikula wali wa mama, lakini kwa kawaida kila mtu ana jiko lake la mkaa mlangoni. Nikaandika kaya mbili, kwa sababu kinachoangaliwa ni kawaida yao. Chaki yangu ikaandika namba mbili tofauti juu ya milango miwili, na yule mama akasimama akiitazama ya kwake mpaka nikamaliza.